Vipande Vitatu vya Afiba

Vipande vitatu vya nyama ya titi la Afiba vilikuwa vyeupe kama wali wa jana. Vilipaswa kuwa kama kioo. Yaba alikiinua kichupa mpaka usawa wa dirisha, akakigeuza huku na huku, akakirudisha mezani. Akakiinua tena. Vyeupe vilevile.

Miaka kumi na minne alikuwa akifanya kazi hii katika chumba cha nyuma ya wodi ya wazazi. Nyama ya mgonjwa inaletwa ndani ya fomalini ya kuizuia isioze. Unaitoa maji kwa spiriti. Kisha unaitoa spiriti kwa kitu kingine kinachopatana na nta. Nta ikiingia, nyama inashupaa, unaikata nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, unaibandika kwenye kioo, unaitia rangi, daktari anaiweka chini ya hadubini na kusema huyu ana saratani, huyu hana. Kile kitu cha katikati ndicho kinachokuonyesha kama umefanya kazi au umecheza. Nyama iliyokauka sawasawa ikiingia humo inapitisha mwanga. Ikibaki nyeupe, ndani mna maji, na pale penye maji nta haiingii.

Kwa miaka yote hiyo kitu hicho kilikuwa zailini. Harufu yake ni ya tina ya mafundi rangi, tamu, na inakufuata nyumbani mpaka kwenye mto wa kitandani. Feni ya kuvuta hewa iliungua mwaka juzi na bado ilikuwa ukutani, imejaa buibui. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka Yaba katika chumba hicho. Hakuna aliyemwambia kwamba sababu ni zailini. Lakini pia hakuna aliyemwambia kwamba siyo, na ubavuni mwa debe palikuwa na mchoro wa mtu aliyepasuka kifua, na chini yake maneno madogo kuhusu wajawazito. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, wiki ya tisa. Hata mumewe hakuwa amemwambia.

Ndiyo maana alianza na mafuta ya nazi. Alisoma mahali kwamba watu wa maabara kwingine wanajaribu mafuta ya kula, yakiwa ya moto, badala ya zailini. Kwa wiki sita aliigawa nyama iliyobaki, nusu kwenye zailini, nusu kwenye mafuta, akavichanganya vioo na kumpa Daktari Boadu, msomaji wao, bila kumwambia kipi ni kipi. Daktari alivisoma vyote bila kulalamika. Mafuta yalikuwa ya mama yake, kutoka Axim, pwani ya Ghana, na mama yake alikuwa mtu wa kupika mafuta mpaka jirani anauliza kama nyumba inaungua.

Jumatatu chupa ya mama iliisha. Mkuu wake hakuwepo, amekwenda mazishini. Yaba alikuwa ameamka na kichwa kinachogonga, na alipolisogelea debe la zailini tumbo likamkaza. Akaogopa. Akakimbia nyumbani, akachukua chupa moja kati ya mbili zilizokuwa kwenye rafu ya jikoni, akarudi, akazitia zote mafutani: nyama za wagonjwa sita, ya wifi yake Afiba ikiwamo.

Leo Jumanne mafuta yale yalikuwa na ukungu. Hata hivyo akaziingiza nyama zote kwenye nta ya moto, akijiambia huenda. Mtu mwenye hofu hujiambia huenda.

*

"Pananukia vizuri," sauti ikasema mlangoni. "Tunapika nini leo, Madam?"

Bwana Quaicoe, mkuu wa maabara, alikuwa amerudi na shati jeusi la mazishi. Alikuwa na kikohozi cha miaka mingi na ngozi ya vidole iliyochanika kama udongo wa kiangazi. Kiti chake alikuwa amekihamishia kando ya mlango, mbali na meza ya kazi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Yaba alikuwa ameshika kipande cha kwanza kilichogandishwa ndani ya nta, cha mzee mmoja mgonjwa wa tumbo. Alikibana kwenye mashine, akazungusha mpini. Kisu kilipopita, nta ilitoka utepe mzuri, lakini katikati, palipokuwa na nyama, palitoka tundu. Nyama ilikuwa imemomonyoka kama kenkey, donge la mahindi, la siku tatu.

Quaicoe alisogea, akatazama tundu, akatazama chupa.

"Umezitia zote?"

"Zote."

"Nilikwambia mabaki tu."

"Uliniambia, bwana mkubwa."

"Nikakwambia hii ni maabara, siyo kibanda cha kukaangia samaki." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Wa tumbo ana akiba kwenye ndoo. Wa shingo anayo. Hawa tutakata upya." Alisoma lebo moja moja mpaka akafika kwenye ya mwisho. "Afiba Blay. Si wa kwenu huyu?"

"Dada yake mume wangu."

"Ana akiba?"

"Hana. Ni nyama ya sindano. Vipande ni hivyo vitatu tu."

Quaicoe aliketi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza miaka miwili kustaafu, na watu wa namna hiyo hawapendi kuzua habari.

"Andika sampuli haikutosha," alisema. "Mara ngapi tumeandika? Ataitwa, atachomwa tena. Hakuna atakayeuliza."

Yaba alikuwepo siku ya sindano. Ganzi haikushika. Walimchoma mara nne, na Afiba, mwanamke anayeinua gunia la muhogo peke yake, aliukamata mkono wa Yaba mpaka kucha zikaacha alama. Alipotoka nje alisema, "Humo sirudi. Hata wakisema wameona dhahabu." Na Afiba akisema, amesema. Dada mmoja sokoni alikuwa ameshamtajia mganga wa mizizi kule Elubo, mpakani. Uvimbe wenyewe wakati wa Pasaka ulikuwa kama karanga. Sasa ulikuwa kama limau.

"Hatarudi," Yaba alisema.

"Basi fungua debe. Yeyusha nta, virudishe kwenye zailini, halafu spiriti, uanze upya. Vikishaiva kwa zailini havina ubishi. Mchana mmoja tu wa kuinama."

"Feni haifanyi kazi."

"Haijafanya kazi miaka miwili na bado unapumua."

"Kwa nini usiiname wewe?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, na mara akatamani kuyarudisha maneno. Macho ya Quaicoe yakashuka mpaka kwenye koti la Yaba, pale vifungo vilipoanza kuvutana.

"Mapafu yangu yameshatoa mchango wake," alisema. "Alhamisi Boadu anakuja. Nataka vioo sita mezani, au vitano na barua. Sitaki hadithi."

*

Nyumba haikuwa mbali. Yaba alitembea na jua la saa saba kichwani, na njia nzima alikuwa akitunga maneno na kuyatupa.

Afiba alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anachekecha muhogo uliochachuka kwa ajili ya akyeke, chakula cha muhogo wa mvuke, ya kesho. Alichekecha kwa mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameupumzisha pajani tangu wiki mbili zilizopita, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kuutaja.

"Madam wa Maabara," alisema bila kuinua kichwa. "Wamekufukuza au umekumbuka kwamba una nyumba?"

"Wifi, kuna chupa nilichukua jana jikoni. Ya mafuta."

"Niliona. Nikasema mwizi wangu ana elimu."

"Yale mafuta yana maji?"

Chekeche ikasimama. "Chupa ipi? Ya kizibo chekundu?"

"Ya kizibo chekundu."

"Ile ya nywele. Niliiondoa motoni mapema ili harufu ya nazi isiungue. Ya chakula ni ya kizibo cheupe, hiyo nimeipika mpaka ikanyamaza. Mafuta yenye maji yanalia jikoni, yanatatarika. Maji yakiisha yananyamaza. Mama yako hakukufundisha? Au alikuwa amekupeleka shule siku hiyo?"

Yaba aliketi chini kwenye sakafu ya saruji. Akamweleza. Hakuacha kitu: kichwa kilivyouma, debe, chupa, weupe, tundu kwenye utepe wa nta. Alipofika kwenye maneno "vipande vyako" aliyasema mara mbili.

Afiba alisikiliza huku vidole vyake vikichagua nyuzi za muhogo na kuzitupa kando.

"Kwa hiyo mimi nimelala kwenye mafuta yangu mwenyewe," alisema hatimaye.

"Wifi, nisamehe."

"Nimekudai msamaha?"

Geti liligonga. Kaku, mume wa Yaba, fundi wa majokofu, alikuja kula mchana na mkoba wake wa spana. Alitazama mkewe aliyeketi sakafuni, akatazama dada yake.

"Kuna nini?"

"Mke wako ameniunguza," Afiba alisema. "Mimi na wenzangu watano."

Kaku alielezwa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliofanya hasira yake itishe, kwa sababu haikuwa na mazoea na haikujua pa kusimama.

"Kitu kimefanya kazi miaka yote," alisema. "Hospitali nzima inatumia. Wewe peke yako ukaona hakikufai. Ukachukua nyama ya dada yangu, ya dada yangu, Yaba, ukaifanyia majaribio ya jikoni. Kwa nini? Kwa sababu kinanuka?"

Yaba aliokota uzi wa muhogo sakafuni, akauviringisha kidoleni.

"Mjibu," Afiba alisema.

"Wifi..."

"Mjibu, au nimjibu mimi. Huli samaki wa moshi wiki ya tatu hii. Unatema mate kama swila. Unadhani nimezaa wanne kwa kusoma kitabu?"

Kaku aliweka mkoba chini polepole. Spana moja ilitoka ikaanguka kwenye saruji, na wote watatu wakaitazama kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Wiki ya ngapi?" aliuliza.

"Tisa."

Mimba ya kwanza ilitoka wiki ya kumi, ya pili ya kumi na moja. Hakuna aliyehitaji kuyasema hayo. Kaku alishika ukingo wa pipa la maji. Hasira ilimtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

"Na ukitaka kuviokoa vile vipande sasa?" aliuliza.

"Kuna njia mbili. Ya zailini, nainama juu yake mpaka jioni, na nina hakika nayo. Ya mafuta mazuri, sina hakika. Sijawahi kuirudisha nyama iliyoharibika kwa mafuta. Isipokubali, hakuna tena."

Kaku alimtazama mkewe, kisha dada yake. Hakukuwa na neno aliloweza kusema ambalo halingemchoma mmoja wao.

"Usihangaike kuchagua," Afiba alimwambia. "Hukuulizwa. Titi ni la nani?"

Alinyanyuka kwa kujisukuma na mkono wa kulia, akaingia jikoni, akatoka na chupa ya kizibo cheupe na sufuria ndogo. Akamimina mafuta yote sufuriani, akaiteleka kwenye mafiga, akasukuma makaa kwa mguu.

"Hayo si yamekwisha kupikwa?" Kaku aliuliza.

"Yatapikwa tena."

Wakangoja. Mwanzoni mafuta yalitoa mlio mdogo, tik, tik, kama kucha kwenye meza. Afiba aliinamisha kichwa, akasikiliza. Mkono wake ulioshika mwiko ulikuwa unatetemeka, akaubana kwenye goti ili watu wasione, na watu wakageuza macho ili asijue wameona. Mlio ukapungua. Ukakoma.

"Sasa," alisema. Aliyarudisha mafuta chupani, na alipompa Yaba chupa ilikuwa bado ya moto, imefungwa kwa kitambaa. Hakuiachia mara moja. "Sindanoni sirudi. Unanisikia? Nilikwambia siku ile na nakwambia leo. Usiende ukafikiri utanibembeleza."

"Nimesikia, wifi."

"Na ukilifungua lile debe, nitajua. Nitainusa nguo yako."

*

Saa tisa alirudi kazini. Alikata lebo mpya, akakosea jina, akakata nyingine. Aliyeyusha nta, akavihamishia vile vipande vitatu, vyembamba kama tambi, kwenye mafuta ya moto. Akabadilisha mafuta mara tatu. Kimoja kilishikamana na koleo, na alipokitikisa kikakatika. Nusu ilizama. Nusu nyingine haikuonekana tena, wala kwenye koleo, wala kwenye meza, wala sakafuni alikopiga magoti na kupapasa kwa vidole.

Quaicoe alikuwa mlangoni akisoma gazeti. Hakuinuka. Lakini debe la zailini, ambalo asubuhi lilikuwa karibu na meza, lilikuwa limesogezwa nje kwenye korido, na si Yaba aliyelisogeza.

Usiku ule, pamoja na nyama za akiba za wale wengine watano, vipande vililala kwenye spiriti mpya. Yaba alilala kwa vipande vilevile, kidogo kidogo. Mara tatu alikwenda msalani kutazama kama kuna damu. Mara tatu Kaku alikuwa macho kitandani, akajifanya amelala.

Jumatano asubuhi alivitia tena kwenye mafuta ya Afiba, ndani ya oveni ya joto. Alijiwekea sharti asitazame kabla ya saa nne. Saa tatu na dakika kumi akatazama. Vyeupe. Akafunga mlango wa oveni, akaegemea ukuta, akahesabu vigae vya sakafu. Vilikuwa mia na tisa. Saa nne akatazama tena, na pembeni mwa kipande kimoja paliingia mwanga, kama doa la mafuta kwenye karatasi ya mandazi. Saa tano doa lilikuwa limeenea.

"Bwana mkubwa," aliita. "Njoo uangalie. Macho yangu siyaamini."

Quaicoe alivaa miwani, akakiinua kichupa usawa wa dirisha. Alikohoa kando, mbali na kichupa.

"Viwili vimekubali," alisema. "Hiki cha nusu kimekataa."

"Viwili vinatosha?"

"Umeniuliza mimi? Miaka yote nimeandika havitoshi." Akakirudisha mezani kwa uangalifu kuliko alivyozoea. "Vitosheleze."

Mchana vikaingia nta. Jioni alivikata, na safari hii utepe ulitoka mzima, na katikati ya kila kipande cha nta palikuwa na uzi mwembamba wa kijivu. Alhamisi alfajiri aliitoa nta kwenye vioo kwa maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, kwa kuwa hapo pia desturi ilikuwa kutumia zailini. Kisha rangi: ya zambarau, ya waridi.

Kabla ya daktari kuja, alikiweka kioo cha kwanza chini ya hadubini mwenyewe. Hiyo haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza, siyo kusoma. Lakini mtu hawezi kutazama kitu kimoja miaka kumi na minne asikijue kinapogeuka. Alitazama kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Kazi ilikuwa safi. Kila kitu kilionekana. Chembe za titi zilikuwa zimejaa, kubwa, nyeusi katikati, zimevunja mistari yao na kutawanyika kama watu waliokimbia moto.

Akazima taa ya hadubini, akakiweka kioo kwenye trei pamoja na vingine.

Daktari Boadu alisoma kimya. Alipofika kwenye kioo cha Afiba alikaa zaidi. Akaandika. Kisha akasema, "Hii ya sindano imetoka vizuri. Haikusinyaa kama zinavyosinyaa siku zote. Mmefanya nini?"

"Tumekuwa tukijaribu mafuta ya nazi," Quaicoe alisema. "Kwa wiki kadhaa sasa. Tunaandaa maelezo."

Yaba alikuwa anafuta meza. Aliendelea kufuta.

*

Afiba alikuwa uani, na mbele yake sufuria kubwa ilikuwa mafigani, si ile ndogo. Vifuu vya nazi vilikuwa vimelundikwa ukutani.

"Nyama ilionekana?" aliuliza.

"Ilionekana."

"Yote?"

"Viwili kati ya vitatu. Vilitosha."

"Basi sema."

"Wifi, sheria ni daktari wa upasuaji ndiye anayesema. Jumatatu. Mimi siruhusiwi."

"Sikukuuliza nani anaruhusiwa."

Yaba alisimama na mkoba wake begani. Alikuwa amejiapiza njiani kwamba hatalia, na hakulia, lakini uso wa mtu hauwezi kukaa mtupu muda mrefu mbele ya mtu anayeujua. Afiba aliutazama. Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia.

"Kisu?"

"Kisu. Halafu dawa ya kudunga, miezi."

"Tumewahi?"

"Sijui, wifi. Kioo hakisemi hilo. Kinasema ni nini, basi. Ila sasa wanajua wanakata nini, na hakuna wa kukuchoma sindano ile tena."

Afiba aliugeuza mwiko ndani ya sufuria. Ulikuwa unagonga kingo, kong, kong, na safari hii hakuuficha mkono.

"Nimeogopa, Yaba," alisema. Katika miaka tisa hakuwahi kumwita kwa jina.

Yaba aliweka mkoba chini, akavuta kigoda cha pili, akaketi. Aliushika mwiko juu ya mkono wa Afiba, na mikono miwili ikaendelea kukoroga, kwa sababu mafuta hayangoji. Alitaka kusema kwamba yeye pia anaogopa, kwamba leo ni wiki ya tisa na siku ya nne, kwamba bado kuna wiki ya kumi na ya kumi na moja. Afiba alivuta pua kwenye bega la koti lake, kwa nguvu, kama mbwa wa forodhani.

"Hukulifungua," alisema.

"Sikulifungua."

"Haya ni ya kazini kwako. Yatatosha mwezi. Ukiisha, kuna nazi." Akasogeza kaa moja. "Nikiwa wodini, Kaku atakupasulia. Kupika utapika mwenyewe. Usiondoe mapema."

"Nitajuaje?"

"Sikiliza."

Wakainamisha vichwa wote wawili. Chini ya mvuke mafuta yalikuwa yanatatarika, mlio mdogo, mwingi, usiokatika.

"Bado," Afiba alisema.

Wakangoja.